Mpira wa Chumvi

Siku ya arobaini ya mama tuliswali alasiri uani kwake, mikeka imetandikwa kuanzia jikoni hadi kwenye ua wa mianzi, na Feruzi akaja kusimama kushotoni kwangu, bega lake la kulia likigusa bega langu. Imamu alipotoa takbira, safu nzima iliinua mikono hadi masikioni. Mkono wa kushoto wa Feruzi ulifika. Wa kulia uliishia kifuani, ukashuka. Baada ya hapo sikusikia hata aya moja. Nilikuwa nimerudi Kindu, mji wetu huku Kongo, nikiwa mtu wa miaka arobaini na kitu, magoti yote mawili yamechoka, na nilidhani nimejiandaa kwa kila jambo: kaburi ambalo sikulishuhudia likichimbwa, kitanda cha mama kilichosimamishwa ukutani, majirani watakaosema nimenenepa. Bega la mtu wa karibu yangu katika safu sikuwa nimejiandaa nalo. Nilirukuu, nikasujudu, nikatoa salamu kulia na kushoto kama kila mtu, na nilipogeuza uso kushoto nilimkuta Feruzi ameshanitangulia kunitazama.

Kazi yangu ilikuwa tenisi. Watu wa hapa nikiwaambia hivyo hucheka kwanza, kisha huuliza kazi yangu hasa ni ipi. Tena si tenisi yote, ni ile ya wawili kwa wawili tu, na humo kuna watu kama mimi ambao peke yao hawatishi hata kuku, lakini mpe mmoja wao mwenzake mwenye mkono mkali, umsimamishe karibu na wavu, utaona kazi. Nimeishi hivyo miaka mingi, Nairobi, Tunis, Lagos, Abidjan, na miji midogo ya Ulaya ambayo majina yake nimeyasahau ila najua stendi zake za basi. Nilikuwa na wenzangu kumi na mmoja, mmoja baada ya mwingine, na wote walinipenda kwa sababu moja: sikuwahi kumlaumu mtu. Mwenzangu akikosea, nilikuwa nimeshafika mahali mpira ungeangukia. Servisi yangu, ule mpigo wa kuanzisha mchezo, ilikuwa mbovu, na makocha watatu walijaribu kuitengeneza wakashindwa, kwa sababu kila nikishika mpira kabla ya kuurusha, vidole vyangu huupima kwanza. Mwandishi mmoja wa gazeti huko Tunis aliniuliza nilijifunzia wapi kumlinda mwenzangu namna ile. Nikamjibu, Kindu, wakati wa vita. Aliandika maneno mazuri sana juu ya ushujaa, na mama aliihifadhi ile karatasi ndani ya msahafu wake mpaka alipokufa. Ukweli ni kwamba nilijifunza kwa woga, na sikumlinda mtu yeyote ila mimi mwenyewe.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa na mji ulikuwa umefungwa. Waasi walishika mji, na watu wa msituni walishika kila kitu kilichouzunguka mji. Treni haikuja. Boti kutoka Ubundu haikuja. Ilikuja ndege tu, nayo ilikuwa ya wanajeshi. Waliokuwa mashambani siku njia zilipofungwa walibaki mashambani, na mama yangu alikuwa mmoja wao, upande wa pili wa bariyeri ya mwisho, kizuizi cha askari njiani katika mtaa wa Mikelenge, mwendo wa saa mbili tu kwa miguu, ila alikuwa mbali kama Makka. Nyumba yetu ilikuwa karibu mno na risasi. Kwa hiyo nilihamia kwa Feruzi, ndani ya stoo ya klabu ya zamani ya reli, ambako yeye alikuwa mtunza uwanja. Alinizidi miaka mitatu, nami nilimwita yaya, kama mtu amwitavyo kaka yake. Stoo ile naiona hata sasa: dirisha moja lisilo na kioo, rafu ya mbao ya raketi zenye nyuzi zilizounganishwa, jiko la mkaa, mkeka mmoja, na lile gurudumu kubwa la chuma la kushindilia uwanja, ambalo tulilala tumeliegemeza mlangoni ili mtu asiingie bila kutuamsha. Chakula kilikuwa sombe, majani ya mihogo yaliyotwangwa. Asubuhi sombe, jioni sombe, yenye mawese kama mawese yalipatikana, na bila chumvi. Mtu ambaye hajala sombe bila chumvi miezi mitatu asinisimulie habari za njaa, maana tumbo linajaa na bado mdomo unalia.

Uwanja wenyewe ulikuwa wa udongo wa kichuguu. Sisi huku hatukungojea udongo wa Ulaya: kichuguu kinavunjwa, kinatwangwa, kinachekechwa, kinamwagiwa maji na kushindiliwa alfajiri kabla jua halijakipasua, na kinakuwa chekundu na kigumu, mpira unaruka juu yake vizuri kuliko kwenye saruji. Lakini kinaliwa na mvua. Kila wiki lazima udongo mpya, na vichuguu vizuri vilikuwa nje ya bariyeri. Kwa sababu hiyo Feruzi alikuwa miongoni mwa raia wachache sana wa Kindu wenye karatasi ya kutoka na kurudi, karatasi ya mtu mmoja na toroli moja, iliyotiwa sahihi na Komanda mwenyewe, mkuu wa waasi mjini. Komanda alipenda tenisi kuliko usingizi. Alikuwa mrefu, msafi, na alizungumza kwa sauti ndogo hata ukalazimika kumsogelea, na hakuna aliyetaka kumsogelea. Kila siku saa tisa na nusu alikuja na soda yake na walinzi wanne. Mimi nilikuwa mwenzake. Upande wa pili walisimama Feruzi na Papa Djuma, karani wa reli, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyeendelea kwenda ofisini kila asubuhi kungojea treni. "Treni haiko, batoo haiko, muntu haiko na chumvi," alikuwa akisema akifunga viatu, "lakini tenisi iko. Ile njo Kongo, bana yangu." Hiyo ndiyo Kongo, wanangu.

Mchezaji alikuwa Feruzi. Hilo naliandika wazi, kwa kuwa kwenye gazeti la Tunis halikuandikwa. Alikuwa na servisi ambayo ulisikia tu upepo wake. Kabla ya vita mwalimu mmoja wa Kinshasa alipita hapa, akamwona, akamwambia njia ikifunguka aende kwake. Mimi nilikuwa kijana wa kusimama kwenye wavu. Na kwenye wavu wa Komanda nilijifunza haraka, kwa sababu mji wote ulijua jambo moja: Komanda akishinda, jioni ile bariyeri zilikuwa laini, na akina mama walipita na kuni zao na mizigo yao ya majani ya mihogo. Akishindwa, mizigo ilimwagwa, na mtu au watu wawili walilala kasho, jela ya askari. Walinisubiri njiani, wale akina mama. Hawakuuliza habari. Walisema tu, "Leo mulishinda?" Basi nilikimbia mpira wa Komanda kabla yeye hajaukosa. Nilimwinulia mipira laini ili aipige kutoka juu, paa, na walinzi wake wapige makofi. Feruzi alipunguza mkono wake kwa ustadi, asishinde na asionekane anaachia makusudi, jambo ambalo ni gumu kuliko kushinda. Usiku niliota mipira inaanguka katikati yetu, mimi na Komanda, hakuna anayeigusa.

Tukishinda vizuri, Komanda alinipa chumvi. Chumvi ya ndege, punje kubwa, iliyofungwa katika karatasi ya daftari. Nusu tungeweza kuila, lakini yote nilimwekea mama kule shambani, maana ule mwaka nilikuwa nimejiaminisha kwamba mama atakufa kwa kukosa chumvi. Sijui nilitoa wapi wazo hilo. Woga hauna mwalimu. Kupeleka chumvi nje kulikuwa kosa, walisema ni kulisha adui, na kijana mmoja wa mtaa wetu alichukuliwa kwa kifuko kidogo tu, hakurudi. Feruzi ndiye aliyebuni mipira. Mpira uliokufa, usiodunda tena, unachanwa kidogo kwa wembe kwenye mshono, unajazwa chumvi, unazibwa kwa gundi ya kubandikia tyubu za baiskeli. Alipita bariyeri na mmoja au miwili mfukoni, na hakuna askari aliyeigusa, kwa kuwa mipira ile ilikuwa kitambulisho chake kuliko hata karatasi. "Muntu ya tenisi ya Komanda, pita." Kule kwenye vichuguu mwanamke mmoja wa shamba la jirani aliipokea na kuifikisha. Kazi yangu mimi ilikuwa kujaza na kuziba. Niliziba kwa upole mwingi, gundi mara mbili, nikiukandamiza mshono kwa kidole gumba huku nikimwombea mama, na nikaweka nukta ndogo ya kalamu pembeni. Feruzi alikuwa akinitania: "Unaziba mupira ao unaoa bibi?"

Siku yenyewe ilinyesha asubuhi. Mipira ya Komanda, saba kwa hesabu, ilikuwa imelowa, na mpira uliolowa ni mzito, haufai. Kwa hiyo niliipanga dirishani ikauke. Na pale pale dirishani, mwisho wa mstari, niliweka mpira wa mama ili gundi ikauke. Ndivyo lilivyokuwa kosa lenyewe, halina maelezo mengine. Komanda alikuja mapema, saa tisa haijafika, akaita kwa ile sauti yake ndogo, nami nilikumba mipira yote kwa mikono miwili nikaitia mfukoni na kwenye kapu, nikakimbia. Sikuhesabu. Tulicheza michezo mitatu vizuri. Kisha ikafika zamu ya Komanda kuanzisha, akanyoosha mkono nyuma bila kunitazama, kama kawaida yake, nikatoa mpira mfukoni. Nikauhisi. Hapa ndipo ninapotaka kuwa mkweli, maana kwa miaka mingi nilijiambia sikujua. Nilijua. Vidole vilijua kwanza, kisha kichwa, na muda ulikuwepo, muda wa kuurudisha mfukoni na kutoa mwingine. Lakini mkono wa Komanda ulikuwa umeshanyooka unangoja, na mimi mwaka ule sikuweza kuufanya mkono ule ungoje. Nikampa.

Alikuwa na tabia ya kuudundisha mara mbili. Aliudundisha. Ukaanguka pu, ukalala pale pale kwenye udongo mwekundu. Aliutazama. Akauokota, akautikisa karibu na sikio, na sote tuliisikia ile chwa-chwa ya punje ndani. Papa Djuma alivua miwani akaanza kuipangusa. Mimi nilitazama wavu. Kila tundu la wavu ule nalikumbuka.

"Nini iko ndani?" Komanda aliuliza.

Feruzi alikuwa ameshaanza kutembea kutoka upande wa pili, raketi chini ya kwapa, kama mtu anayekwenda kuokota kitu chake. "Njo yangu, Komanda. Iko chumvi. Ni ya mazoezi, ya kutia mukono nguvu. Nilisahau kuitoa kati ya mingine."

"Chumvi. Muji muzima haina chumvi, weye unatia ndani ya mupira."

"Muchanga inatoboa mupira, Komanda. Chumvi iko laini."

Komanda alitabasamu. Sijapata kuona tena tabasamu la namna ile, na sitaki. Akaenda kukaa kwenye kiti chake chini ya kibaraza, akafungua soda. "Muzuri," akasema. "Basi fanya mazoezi, tuone. Servisi. Nguvu yote. Mupira ikipasuka, njo mwisho." Kisha akanigeukia mimi. "Amuri, weye utamuokotea."

Feruzi aliurusha juu, akaupiga. Mpira wa chumvi hauendi kama mpira, unarudisha uzito wote kwenye bega. Uliangukia karibu na wavu. Niliuokota, nikamrudishia mkononi. Akapiga tena. Nikaokota tena. Kila nilipomkaribia nilitaka kusema neno, hata neno moja, na kila mara niliona walinzi, nikaona soda, nikafunga mdomo. Feruzi hakunitazama kwa hasira. Alisema tu kwa sauti ya chini, mara ya ishirini au zaidi, "Gundi yako, mudogo wangu. Kweli unajua kuziba." Nilihesabu mpaka sitini na kitu, nikaacha. Nyuzi za raketi yake zilikatika, akapewa raketi yangu. Jasho lilimtoka, kisha likaacha kumtoka, na mkono ulikuwa haupandi tena juu ya kichwa, anaupandisha kwa kuinamisha kiwiliwili kizima. Nilimwomba Mungu mpira upasuke. Mimi niliyeukandamiza kwa kidole gumba na dua, nilisimama pale nikiomba kazi yangu iharibike.

Ulipasuka juu ya mstari, chumvi ikatawanyika nyeupe juu ya wekundu. Komanda aliinuka, akachutama, akachukua punje mbili akazionja. "Chumvi ya ndege," akasema, na akanitazama mimi, si Feruzi. Nilingoja. Akajipangusa vidole kwenye suruali. "Tumalize mupira," akasema. Na tulimaliza. Feruzi alishika raketi kwa mkono wa kushoto, na mimi, Mungu anisamehe, sijawahi kucheza vizuri kama jioni ile. Tulishinda. Njiani akina mama waliniuliza, nikawaambia ndiyo.

Kabla ya giza Feruzi alirudi uwanjani na sufuria, akafagia ile chumvi pamoja na udongo wake, akaichanganya na maji, akayaacha yatulie, akayachuja, akapikia sombe. Tulikula. Ilikuwa na mchanga wa kichuguu ndani yake, uliusikia kwenye meno, na ilikuwa tamu hata nikaona haya kwa jinsi nilivyoimaliza. Yeye alikula kwa mkono wa kushoto, mkono ambao tangu utotoni tulichapwa tukiupeleka kwenye sahani. Nilimkanda kwa kitambaa cha maji moto, nikampaka mawese begani. Hakulia, hakulalamika. Sikumuuliza kitu. Nilidhani nikiuliza, yote yatatoka, na ukuta wa stoo ulikuwa mwembamba. Keshoye, saa tisa na nusu, tulikuwa uwanjani.

Vita ilipungua, Komanda akaondoka na ndege kama alivyokuja, njia zikafunguka. Mama alitoka shambani mwembamba lakini mzima. Nilipomsimulia habari ya chumvi, bila kutaja bega la mtu, alicheka: "Mutoto wangu, nani alikuambia sikukuwa na chumvi? Tulichoma majani ya mutoni, tukachuja majivu. Bibi zetu walifanya vile." Nikacheka naye, maana ningefanya nini. Na Feruzi alinipa kipande cha karatasi chenye jina la yule mwalimu wa Kinshasa. Alisema yeye hapendi ndege. Nilichukua karatasi, nikapanda ndege, na yaliyofuata ndiyo maisha yangu.

Arobaini ilipokwisha na watu wakatawanyika na sahani zao za wali, Feruzi alibaki uani, kikombe cha chai mkononi, mkono wa kushoto. Bado ndiye mtunza uwanja. Uwanja upo, vijana wanaucheza, udongo wa kichuguu bado anauchekecha mwenyewe. Nilikaa karibu naye kwenye mkeka na nikasema yote niliyokuwa nimeyabeba: mvua, dirisha, kwamba sikuhesabu, kwamba niliuhisi mpira kwenye vidole na nikautoa, kwamba niliogopa, kwamba kila servisi niliyopiga duniani niliipiga na mpira ule mkononi, kwamba sikulala vizuri Tunis wala Lagos. Nilizungumza sana. Machozi yalinitoka na sikuyazuia. Nilipomaliza nilijisikia mwepesi, nikangoja anisamehe.

Feruzi aliweka kikombe chini.

"Ulimaliza?"

"Nimemaliza, yaya."

"Nilijua tangu siku ile. Nani mwingine alikuwa anatia gundi, Papa Djuma? Niliona sura yako ukimupa. Ile nilisamehe zamani, hata kabla ya sombe kuisha." Akatazama mlango wa jikoni, na alipoanza tena sauti yake ilikuwa imebadilika. "Lakini weye, Amuri, kila siku ni weye. Woga yako, usingizi yako, vidole vyako. Ulituma raketi, ulituma viatu, ulituma mipira ndani ya makopo. Kila Idi unapiga simu, unauliza uwanja, unauliza mvua. Miaka yote hii, siku moja tu, haukuuliza: Feruzi, mukono iko je?"

Nilitaka kujitetea, na nikaona kwamba kujitetea kungekuwa ni kuzungumza juu yangu tena. Uso uliniwaka kwa aibu. Nikageuka nikamwelekea, hapo mkekani, upande wa mkono wake wa kulia.

"Mukono iko je, yaya?"

 Akaanza na shati: kwamba lazima aingize mkono wa kulia kwanza, polepole, na siku za mvua mkewe humsaidia, na mwanzoni hakuwa na mke, alikuwa analala na shati lile lile. Akaja kwenye ndoo ya maji. Akaja kwenye mtoto wake wa kwanza, namna alivyomwinua kwa mkono mmoja na watu wakasema anamdharau mtoto. Alizungumza bila haraka, kama mtu aliyepanga maneno yake zamani akakosa wa kumpa. Sikumkatiza. Chai yake ilipoa, jua likahama mkekani, na adhana ya magharibi ilipoanza, tulikuwa bado kwenye mwaka wa pili baada ya siku ile.